Barazani wanacheka, kwenye kioo kimya: jibu kwa vijana wa Wete

Swali: Assalamu alaykum. Sisi ni vijana watano wa Wete, Pemba, tuna kamkoda ya mtumba iliyotoka Japani, ya kutumia kadi, haina tundu la maiki. Tunatengeneza filamu fupi za kuchekesha za dakika tatu mpaka tano. Tukiigiza barazani watu hucheka mpaka wakashika mbavu, lakini tukiwaonesha tulichorikodi wanatizama tu, na kila mara mmoja anauliza, "Kasemaje?" Ndani ya nyumba picha inapigapiga, nyuso zinakuwa nyeusi, sauti ndogo. Pesa ya kamera mpya hatuna. Tunakosea wapi, na tununue nini kwanza?

Jibu: Waalaykumu ssalam. Jibu mmelitia ndani ya swali lenyewe. Mtazamaji anayeuliza "kasemaje?" hana ugomvi na kamera yenu, amekosa neno. Na kichekesho cha kwetu mara nyingi hukaa kwenye neno moja, pengine silabi moja. Barazani mtazamaji yuko hatua mbili kutoka kwa msemaji: anamsikia bila taabu, anamwona kuanzia kofia mpaka makubadhi, na papo hapo anauona uso wa yule anayesikiliza. Kamkoda ikisimama pembeni na kimaiki chake cha mbele humnyang'anya vyote vitatu. Kazi yenu ni kumrudishia.

Kwa hiyo pesa iende hivi: kwanza maiki mbili za waya za kubana nguoni, zile za kuchomeka kwenye simu, pili stendi ya miguu mitatu iliyo nzito kidogo, tatu kadi na betri ya akiba. Taa zije mwisho, na kamera mpya msiifikirie mwaka huu.

Nitumie mfano mmoja kuanzia hapa mpaka mwisho, mambo yasielee hewani. Kijana kaposa, na leo anakaribishwa kwa wakwe kwa mara ya kwanza. Mama mkwe ana nazi zimeshavunjwa, wali unangoja tui, na mbuzi ya kukunia imeazimwa na jirani haijarudi. Mzee, kwa kumuamini mkwewe mtarajiwa, anamwambia: "Mwanangu, tumekwama, hatuna mbuzi." Kijana anataka sifa. Anatoka mbio, anarudi na mbuzi wa miguu minne, jasho linamtiririka, pesa za mahari zimepungua. Mzee anaona haya kumwambia. Anamshukuru. Kijana anazidi kujitapa. Mwisho mama mkwe, akiwa jikoni na wala hajui kilichofungwa uani, anauliza: "Na ile mbuzi mbona haijaja?"

Hapo ndipo kicheko kilipo, kwenye "ile". Mnyama ni "yule", chombo ni "ile". Kijana anasikia "ile", anageuka kumtizama mnyama, anarudi kumtizama mkwe, na hana la kusema. Mtazamaji amejua tangu mwanzo, kwa sababu ameoneshwa zile nazi. Kinachomchekesha ni kungoja kijana naye ajue. Mchezo wa maneno peke yake hutoa kicheko kimoja na kuisha. Kinachobeba dakika tatu ni haya ya mzee na majigambo ya kijana.

Angalieni na mtego uliomo kwenye maneno. Kabla ya "ile" ya mwisho, mtu yeyote asitamke neno litakaloonesha ngeli. "Hatuna mbuzi" ni sawa, "niletee mbuzi" ni sawa, "mbuzi kaazimwa" imeshaharibu, "mbuzi moja tu" imeharibu pia. Waigizaji wakiachiwa kubuni papo kwa papo watateleza hapa, kwa sababu ulimi wa Mswahili huweka ngeli bila kuombwa. Kwa hiyo mazungumzo ya kuelekea kwenye kicheko yaandikwe na yahifadhiwe neno kwa neno. Kwengine kote waacheni wazungumze kama wanavyozungumza maskani. Someni kwa sauti mkiwa na saa mkononi. Ikizidi dakika tatu na nusu, kateni mwanzo: salamu ndefu za mlangoni ndizo zinazokula muda bila kuzaa kitu.

Sasa sauti, na hapa nitakaa.

Kila umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kiasi cha desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba na kelele za nje hubaki palepale. Kamera iliyo mita 3 kutoka kwa mama mkwe iko mbali mara kumi na tano kuliko maiki iliyobanwa kifuani kwake sentimita 20 chini ya kidevu. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 23. Hakuna programu itakayoirudisha baadaye, kwa sababu kuikuza sauti ni kuukuza na mwangwi pamoja nayo.

Maiki ya kamkoda ina ubaya wa pili, nao kwa vichekesho ni mkubwa kuliko wa kwanza: hujipandisha na kujishusha yenyewe. Mtu akinyamaza, mashine inadhani sauti imekuwa ndogo, inafungua masikio. Mshindo wa feni, jogoo na honda ya barabarani vinapanda. Kisha neno la kuchekesha linapotoka linagonga kwa nguvu na kupasuka mwanzoni, halafu mashine inaishusha. Yaani ule ukimya wa kabla ya "ile", ambao ndio unaotengeneza kicheko, unajazwa makelele, na "ile" yenyewe inaharibika. Kama menyu ya kamera yenu ina sehemu ya kupunguza kiwango cha maiki, ipunguzeni. Lakini sauti ya kamera itumieni kwa kulinganisha tu, si kwa filamu.

Rikodini kwa simu. Kila msemaji mkuu awe na simu yake mfukoni, imewekwa kwenye hali ya ndege, imechomekwa maiki ya waya. Chagueni programu ya kurikodi inayohifadhi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, na inayoruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya kujiendesha. Pimeni kiwango kwa sauti kubwa kuliko zote za onyesho: kijana apige kelele yake ya furaha, kilele kiguse kama desibeli −10 kwenye kipimo cha programu, kisifike sifuri. Simu zikiwa mbili na wasemaji watatu, anayesema machache akae karibu na mwenye maiki.

Maiki ikae shibiri moja chini ya mdomo, si zaidi. Kwenye kanzu ya pamba itieni ndani ya mkato wa kifua, iungwe kwa plasta ya dukani: kunjeni kipande kiwe pembetatu inayonata pande zote, kimoja nyuma ya maiki, kimoja juu yake, ili kitambaa kisiisugue. Waya uacheni na kitanzi kidogo kabla haujashuka, mvuto wa mwili usifike kwenye maiki. Kanga na lesi za pamba hazina taabu. Buibui la nailoni hukwaruza kila mama anapogeuka, basi maiki iwekwe kwenye ukingo wa mtandio na mama asitembee katika maneno muhimu. Maiki ya mwanamke ifungwe na mwanamke mwenziwe. Mwonesheni mapema dada mmoja wa kikundi namna ya kuifunga.

Kisha chumba chenyewe. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu ni kisima cha mwangwi. Tandikeni mikeka miwili mahali kamera isipopaona, egemezeni godoro nyuma ya kamera, na pazia zito likae mkabala na wasemaji. Nyumba ya makuti ina sauti nzuri kuliko ya bati, na baraza iliyo wazi upande mmoja ni nzuri kuliko chumba, mradi upepo usivume. Upepo wa kusi ukiwa umeshika, upande wa nyumba uliokingwa ndio studio yenu. Zimeni feni na friji, na mtu mmoja apewe kazi ya kukumbuka kuliwasha friji tena. Jueni saa za adhana za misikiti ya jirani na msimame dakika kumi kabla. Ni heshima, na pia sauti ya mbali ya adhana ikikatwa katikati huonekana wazi kuwa filamu imeungwa vipande.

Mkimaliza kila mahali, kaeni kimya wote na mrikodi dakika nzima ya sauti ya mahali penyewe. Vipande vikikatwa na kusogezwa huacha mashimo ya ukimya mtupu ambayo sikio huyahisi papo hapo. Dakika hiyo ndiyo ya kuyazibia.

Kuunganisha sauti ya simu na picha ni kazi nyepesi. Kamera ikianza, na simu zikiwa zimeshaanza, mtu atamke "onyesho la pili, teki ya tatu" (teki ni kila mara mnapolirudia onyesho), kisha apige kofi moja mbele ya kamera, mikono ionekane. Kwenye kompyuta kilele cha kofi hulinganishwa na fremu, yaani ile picha moja kati ya zinazounda filamu, ambapo mikono inagusana. Kdenlive, programu ya kuhariri ambayo ni ya bure, inaweza pia kulinganisha yenyewe kwa kusikiliza sauti ya kamera na ya simu. Saa ya simu na ya kamera hazitembei sawasawa kabisa, kwa hiyo kwenye kipande cha nusu saa midomo huanza kupishana na sauti. Kwenye teki ya dakika mbili au tatu hamtaona kitu. Basi simamisheni na kuanza upya kila teki. Na jambo la kukumbuka: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kamera ikiwa mita 11 kutoka kwa anayepiga kofi, sauti yake ya kamera imeshachelewa fremu moja. Pigeni kofi karibu.

Tuje kwenye kupigapiga kwa picha. Kamera iliyouzwa Japani hurikodi fremu 30 kwa sekunde (kwa hesabu kamili 29.97), zilizoundwa kwa nusu-picha 60, kila moja ikibeba nusu ya mistari ya picha. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde. Kila nusu-picha ya sehemu moja ya sitini ya sekunde hukamata mapigo ya taa kwa kiasi kisicho sawa, ndiyo mawimbi mnayoyaona. Dawa ni kuweka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga wa kila picha, iwe 1/100 ya sekunde: hapo kila picha hukamata pigo moja kamili, hapana zaidi wala pungufu. Kama menyu haina shata, acheni taa za umeme na mfanye kazi kwa jua. Msijaribu kuigeuza filamu iwe fremu 25 wakati wa kuhariri; mwendo utakuwa wa kukatakata. Anzeni na 29.97 na mmalize na 29.97.

Kamera nyingi za soko la Japani hazina lugha nyingine ndani ya menyu. Tafuteni kitabu cha maelezo cha modeli inayofanana nayo iliyouzwa nje, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mpangilio wa menyu huwa karibu sawa, mtahesabu mistari. Na kabla ya yote someni kibandiko cha chaja. Kikiandikwa 100–240V, chomekeni. Kikiandikwa 100V peke yake, kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua, na huenda ikaondoka na betri.

Nyuso nyeusi zina sababu moja. Kamera hupima picha nzima na kutaka iwe na mwanga wa wastani. Mkimweka mtu mbele ya ukuta wa chokaa, tena kavaa kanzu nyeupe, mashine inaona weupe mwingi, inafunga jicho, uso unazama. Mwenye kanzu akipita mbele ya kamera katikati ya maneno, picha nzima hushuka na kupanda. Ondoeni marekebisho ya kujiendesha: sogezeni kamera mpaka uso ujaze kioo, wekeni mwanga mpaka ngozi ionekane vizuri, ufungeni hapohapo, kisha rudisheni kamera mahali pake. Usogee kwa miguu, usitumie zumu kwa kazi hii, kwa kuwa lenzi hizi hupitisha mwanga mdogo zikivutwa, na kipimo kitakudanganya. Ukuta uking'aa kuliko uso, ni sawa. Hakuna anayecheka ukuta. Kanzu ya rangi ya maziwa au kijivu hafifu ni rahisi kuliko nyeupe pepe, na kikoi chenye mistari myembamba sana hutetema kwenye kioo. Chagueni cha mistari mipana.

Rangi nayo ifungeni: elekezeni kamera kwenye kitambaa cheupe kilichoshikwa pale atakaposimama mwigizaji, bonyezeni sehemu ya kuweka weupe, basi. Mkiiacha ijiendeshe, mama atakuwa wa bluu kwenye shoti moja (kipande kimoja kilichopigwa bila kukata) na wa manjano kwenye nyingine.

Mwanga wa bure ndio mzuri. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda haraka, na kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri linapiga utosini: macho yanakuwa mashimo, na vichekesho vinategemea macho. Wekeni kazi ya nje saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Ndani, waketisheni waigizaji karibu na mlango au dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, na upande wa giza simamisheni shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mita moja kwa moja na nusu, hatua mbili kutoka usoni. Mtaona mashavu yakifunguka.

Kamera yenyewe ina neema ambayo huenda hamuijui. Kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo sana, kwa hiyo zumu ikiwa kwenye upana wake wote karibu kila kitu kinaonekana wazi, cha karibu na cha mbali. Wapiga picha za harusi wanaichukia tabia hii kwa kuwa hawapati ule ukungu mzuri nyuma ya bibi harusi. Kwa kuchekesha ni hazina. Mzee anakaa mbele kwenye mkeka akimsifu kijana, na nyuma yake, kupitia mlango, mtazamaji anamwona mbuzi akitafuna kikoi cha mzee kwenye kamba ya kuanikia. Vyote viwili kwenye shoti moja, bila kukata, bila kumwonesha mtu kwa kidole. Mtazamaji akigundua mwenyewe hucheka maradufu. Angalizo moja: uani kukiwa na jua kali na ndani kivuli, mbuzi atapotea kwenye weupe. Fanyeni shoti hiyo asubuhi mapema, uani kukiwa bado kivuli.

Shoti pana iwe ndiyo mama wa filamu. Kamera kwenye stendi, urefu wa kifua cha aliyekaa, mita 3 kutoka kwao, watu wote waonekane na miguu yao. Haisogei. Zimeni na kizuizi cha mtikisiko, kwa kuwa juu ya stendi huifanya picha iteleze kidogo kila mnapogeuza. Stendi ikiwa nyepesi, ning'inizeni mfuko wa kilo mbili za mchanga katikati. Kama stendi haijapatikana, mfuko huohuo wa mchanga juu ya kigoda hukaa imara kuliko mkono wa mtu yeyote. Na zumu ya kumrukia mwigizaji usoni wakati wa kuchekesha iacheni kabisa. Inamwambia mtazamaji "cheka sasa", naye hukataa.

Pigeni onyesho zima kwa shoti pana, mwanzo mpaka mwisho, mara tatu. Kisha sogezeni kamera kwa kila mmoja peke yake, mkibaki upande uleule wa mstari unaounganisha macho ya kijana na mzee. Mkivuka upande wa pili, wataonekana wote wanatizama njia moja kama abiria wa daladala. Na hapa ndipo vikundi vingi hukosea: humpiga anayesema na kumsahau anayesikiliza. Kicheko kiko kwa msikilizaji. Mrikodini mzee kwa sekunde kumi akimsikiliza kijana anavyojitapa, bila kufanya chochote, macho yakishuka polepole kwenye mkeka. Mrikodini kijana akisikia "ile". Kila shoti ianze sekunde tano kabla na iishe sekunde tano baadaye. Sekunde hizo za baadaye mara nyingi ndizo bora kuliko zilizopangwa.

Waigizaji wasijue kuwa wanachekesha. Kijana ana pesa zimeondoka, mzee ana haya, mama ana wali unaongoja tui. Wakilichukulia jambo kwa uzito wake, mtazamaji atacheka. Wakibinya uso na kupandisha sauti, atatizama. Mwenzenu asiyeweza kuzuia kicheko nyuma ya kamera atoke nje, kwa sababu maiki ya shibiri moja inasikia hata pumzi yake.

Kuhusu mnyama: mwombeni mwenyewe siku moja kabla, na aje naye. Mbuzi asiye na njaa hafuati mtu, basi apigwe picha asubuhi kabla ya malisho, majani yakiwa mkononi mwa mtu aliye nje ya fremu. Kamba fupi, kivuli, maji, na asikae zaidi ya saa moja. Sauti yake rikodini peke yake; hatalia pale mnapomtaka. Kikoi cha kutafunwa kiwe kikuukuu na safi, na mkiondoe kabla hajakimeza.

Kazi ya asubuhi moja, saa 12 hadi saa 4, hutosha kwa dakika tatu za filamu kama mazoezi yalifanyika jana yake. Pikeni. Watu watano wanaofanya kazi bila malipo wakipewa chai na maandazi kabla, na wali mwishoni, watarudi wiki ijayo.

Kwenye kadi, kamera ya aina hii ikirikodi kwa megabiti 17 kwa sekunde hutumia kama GB 7.6 kwa saa. Kadi ya GB 16 inabeba saa mbili. Kamkoda nyingi za zamani husoma kadi za aina ya SDHC tu, mwisho GB 32, kwa hiyo kadi ya GB 64 huenda isitambulike. Kadi feki zipo: huonesha GB 32 lakini zikijazwa nusu huanza kufuta za mwanzo. Ijazeni yote kwa majaribio nyumbani kabla ya siku ya kazi. Mkimaliza, nakilini folda zote za kadi kama zilivyo, si mafaili ya video (MTS) peke yake, kwenye diski mbili tofauti, ndipo mfute. Kamera isilale kabatini na unyevu wa masika. Itieni kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, la sivyo ukungu utaota ndani ya lenzi, na hauoshwi kwa kitambaa.

Kuhariri kwa kichekesho ni kuhesabu ukimya. Pangeni shoti pana yote kwanza, mwingie karibu pale tu panapokosekana kitu. Kati ya "ile" na kijana kugeuka, jaribuni fremu 10, kisha 20, kisha 40, mtizame kila moja siku nyingine mkiwa na macho mapya. Mara nyingi ukimya mrefu kidogo kuliko mnavyostahimili ndio sahihi. Msibandike vicheko vya kununua wala sauti za katuni kila mtu anapojikwaa. Mtazamaji huzisikia kama kumvuta mkono. Nyimbo za taarabu ni mali ya watu: pateni ruhusa ya mwenyewe, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki, ndiko mahali pa kuulizia haki hizo hapa Zanzibar. Kwa kuchekesha, ukimya wa baraza na kijiko kwenye kikombe hutosha.

Mazungumzo yacheze kati ya desibeli −12 na −6, kilele kisipite −3. Sikilizeni kwenye spika ndogo ya simu, kwa sababu huko ndiko wengi watakakotizamia. Wakati wa kutoa filamu chagueni picha kamili badala ya nusu-picha. Kwenye Shotcut, programu nyingine ya kuhariri, ni "Progressive" pamoja na YADIF, njia ya kuunganisha nusu-picha. Msipofanya hivyo, kila mkono unaosogea utakuwa na meno ya chanuo pembeni, na yakioneshwa kwenye ukuta mkubwa wa Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika tangu 1998, hayafichiki. Kwa kuonesha, megabiti 8 kwa sekunde: dakika tatu ni MB 180. Kwa kutumiana kwenye simu, punguzeni picha iwe ya mistari 720 na megabiti 2 kwa sekunde, itakuwa MB 45, bando la mtu halitaumia.

Kabla ya kupiga picha nje, mwoneni sheha wa shehia, na kabla ya kuonesha hadharani ulizeni masharti katika Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Bandari, vituo vya polisi na kambi visiingie hata kwa nyuma. Anayepita kwenye shoti aombwe. Akikataa, shoti ifutwe mbele yake.

Mkimaliza toleo la kwanza, waonesheni watu watatu ambao hawakuwahi kusikia kisa hiki, na nyinyi mtizame nyuso zao badala ya kioo. Andikeni dakika na sekunde kila mmoja anapoinama kumuuliza mwenziwe. Ikiwa ni kwenye "ile", msirudie onyesho zima. Ndiyo maana nashauri tangu mwanzo swali la mama mkwe litoke jikoni, yeye akiwa amegeuka mgongo au hayumo kwenye picha, na kamera iko kwa kijana: mnamwita mama peke yake, mnasimama palepale mlangoni pa jikoni na maiki ileile, anasema "Na ile mbuzi mbona haijaja?" mara tano kwa mwendo tofauti, mnachagua moja na kuiweka mahali pake. Hakuna mdomo wa kulinganisha nao.